Herufi Tangulizi na Maana: Uhakiki wa Mpangilio wa Vidahizo katika Kamusi za Kiingereza–Kiswahili kwa Msomaji wa Lugarawa

Utangulizi

Orodha ya kata za Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, ina Luana, Lubonde, Ludende, Ludewa, Lugarawa, Luilo, Lumbila, Lupanga na Lupingu. Majina tisa yana mwanzo mmoja. Kwa msemaji wa Kipangwa, kama ilivyo kwa msemaji wa lugha nyingine yoyote ya Kibantu, mwanzo wa namna hiyo hausomwi kama sadfa ya tahajia. Silabi ya kwanza ndiyo mahali ambapo lugha hizi hutunza habari za ukoo wa neno: kama ni mtu au kitu, kama ni kimoja au vingi, kama ni nchi au lugha ya wenye nchi. Katika shina moja hupatikana Mpangwa, Wapangwa, Upangwa na Kipangwa, na hakuna mtoto wa Lugarawa anayehitaji kufundishwa tofauti ya maneno hayo manne. Kiswahili kimedondosha l ya kiambishi cha ngeli ya 11, hata ulimi na ukuta yakabaki na u- peke yake, lakini mazoea ya kutafuta maana mwanzoni mwa neno hayakudondoka.

Mtoto huyo anapoingia kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha ya kufundishiwa, kutoka Kiswahili alichokitumia kwa miaka yote ya shule ya msingi kwenda Kiingereza. Msaada wake mkubwa, pale unapopatikana, ni kamusi thaniya. Hapo ndipo mazoea yake na kitabu alichopewa hugongana. Katika Kiingereza maneno yenye herufi tangulizi zinazofanana huweza kuwa ndugu wa damu, majirani tu, au hata mahasimu, na kamusi huyapanga yote katika safu moja bila kudokeza nani ni nani. Uhakiki huu unashikilia kwamba kasoro hiyo haitokani na uzembe wa wanaleksikografia, bali inatokana na historia ya kamusi zenyewe, yaani swali la zilitungwa kwa ajili ya nani.

Kamusi na mlengwa wake

Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya A. C. Madan ilichapishwa mwaka 1894. Juu yake ndiko ilikojengwa kamusi iliyohaririwa chini ya Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikatolewa na Oxford University Press mwaka 1939. (Johnson huyu asichanganywe na Samuel Johnson wa London, mwenye kamusi ya 1755.) Watumiaji waliokusudiwa na kazi hizo mbili walikuwa wamisionari, maofisa na walimu ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya mama au ya kazi, nao walitaka kusema au kuandika Kiswahili. Mtu wa namna hiyo hafungui kamusi ili ajue maana ya neno la Kiingereza. Anaijua tayari. Anatafuta kisawe. Kwake safu ya herufi ni ngazi ya kushukia tu, na haina haja ya kumfundisha chochote njiani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wanaleksikografia hao walitambua vizuri, kwa upande wa Kiswahili, kwamba herufi tangulizi si mahali pa kukusanyia ukoo wa neno. Katika kamusi ya Kiswahili–Kiingereza ya Johnson, vinyambuo huwekwa chini ya mzizi, hivyo anayetaka mpishi ataelekezwa kwenye pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) ilifuata njia nyingine, ikaweka kila neno kwa umbo lake kamili: mpishi kwenye M, upishi kwenye U, pika kwenye P. Wataalamu wamebishana kuhusu njia hizo mbili, na kila moja ina wafuasi wake. Inatosha kusema kwamba angalau swali liliulizwa. Kwa upande wa Kiingereza halikuulizwa. Kiingereza hunyambua zaidi kwa kuongeza mwishoni, na kwa sababu hiyo mpangilio wa alfabeti hukiweka ukoo pamoja bila jasho: "nation", "national" na "nationality" hukaa jirani. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI (1996), ambayo ndiyo kazi kubwa ya jozi hii iliyotungwa nchini, hutumia alama ya wimbi kuwakilisha kidahizo ndani ya kitomeo, na vinyambuo tamati huorodheshwa humo humo. Utaratibu huo ni wa kusifiwa, kwani umeokoa kurasa nyingi. Hata hivyo, unafanya kazi kwa viambishi tamati peke yake. Neno likishaongezewa kiambishi mwanzoni, huhama nyumbani kwake na kwenda kuishi miongoni mwa wageni.

Ukurasa wa min-

Ubaya wa ujirani huo hauonekani kwa kuuzungumzia kijumla. Inafaa kuchukua kipande kimoja cha safu na kukisoma kama atakavyokisoma mtu wa Ludewa, wilaya yenye chuma cha Liganga katika Kata ya Mundindi na makaa ya mawe ya Mchuchuma katika Kata ya Nkomang'ombe. Kipande hicho ni cha maneno yanayoanza na min-.

Kidahizo "mine" hutokea zaidi ya mara moja. Kwanza ni kimilikishi, yaani -angu. Pili ni mgodi, na kitenzi chake ni kuchimba madini. Tatu ni bomu linalotegwa ardhini. Maana ya pili na ya tatu zina uhusiano wa kweli, kwa sababu zamani wanajeshi waliokuwa wakizingira mji walichimba njia chini ya kuta zake ili waziangushe, na jina la kazi likahamia kwenye kitu kilichotegwa. Maana ya kwanza haihusiani nazo hata kidogo. Ni neno la Kiingereza cha kale, ilhali hayo mengine yamepitia Kifaransa. "Mineral" na "miner" ni wa ukoo wa mgodi. Kisha, mistari michache mbele, kunatokea "minister", "minor", "minus" na "minute", ambayo yote yametoka katika Kilatini na yana wazo moja la asili: udogo au upungufu. "Minister" kwa asili ni mtumishi, mtu wa daraja la chini. Kiswahili kimemwita waziri, neno lililotoka Kiarabu, na kwa hiyo udogo huo haubaki hata kivuli. Maana nyingine ya neno hilohilo ni mhudumu wa kanisa, na "ministry" ni wizara na vilevile ni huduma. Katika mji mdogo kama Lugarawa, ambao hospitali yake ni ya misheni lakini hufuata miongozo ya serikali, maana zote mbili zinaweza kukutana katika barua moja.

Halafu kuna "minute", ambayo ni dakika, ni -dogo sana ikitamkwa kwa namna nyingine, na katika wingi ni kumbukumbu za kikao. Na kuna "mint" mbili, mnanaa na kiwanda cha sarafu, zisizojuana kabisa.

Msomaji mwenye mazoea ya Kibantu akikutana na safu hiyo ana kila sababu ya kudhani kwamba min- ni kitu. Na kweli ni kitu, lakini ni kitu katika maneno manne tu kati ya hayo, na humo kimekufa. Hakiwezi kutumiwa kuunda maana mpya. Kamusi haimwambii hivyo. Madhara yake si ya darasani tu. "Miner" na "minor" hutamkwa sawa. La kwanza ni mchimbaji, la pili likiwa nomino ni mtu asiyefikia umri wa utu uzima, na likiwa kivumishi ni -dogo, kama katika kazi ndogo za ujenzi. Ardhi inapotwaliwa kwa ajili ya mgodi na fidia ikapaswa kulipwa kwa warithi, kifungu kimoja kinaweza kuwa na mchimbaji, mrithi mtoto na kazi ndogo, na msikilizaji akasikia neno moja mara tatu. Ni kweli kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Lakini mikataba na nyaraka nyingi za kiufundi bado huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na kabla ya tafsiri kuna mtu aliyefungua kamusi.

Un- mbili, na ya tatu isiyokuwepo

Mfano wa min- unahusu mabaki ya Kilatini. Mfano wa un- ni mzito zaidi kwa sababu kiambishi hiki ni hai, na kwa sababu vitabu vya mazoezi hukifundisha kwa kanuni moja fupi: un- ni kinyume. Kanuni hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwa msemaji wa Kiswahili.

Kwanza iondolewe un- isiyokuwepo. "Uncle" ni mjomba, ami au baba mdogo, na hakuna cha kukanusha. "Under" ni chini ya. Katika "uniform", "union", "unit" na "university" kilichopo ni wazo la kimoja. Safu ya alfabeti huyabana maneno hayo kati ya "unhappy" kwa juu na "unjust" kwa chini, hata muungano, umoja na chuo kikuu vikawa vimezungukwa na huzuni na dhuluma. Mwalimu huweza kuchekesha darasa kwa mfano huo. Mwanafunzi aliye peke yake na kamusi hacheki.

Un- zilizobaki ni mbili, na kihistoria hazina asili moja. Ya kwanza huambatana na vivumishi na hukanusha hali: "unhappy" ni -sio na furaha, "unjust" ni -sio na haki. Kiswahili hakina kiambishi kimoja cha kazi hiyo. Hutumia -sio, -to-, bila, pasipo, au huchagua neno jingine kabisa. Ya pili huambatana na vitenzi, nayo haikanushi chochote. Inarudisha nyuma tendo lililokwisha kutendwa. "Untie" si kutofunga, ni kufungua. Na hapa Kiswahili kina chombo kamili, tena kilichonolewa kuliko cha Kiingereza: kauli ya kutendua. Kunja hutoa kunjua, ziba hutoa zibua, pakia hutoa pakua, chomeka hutoa chomoa, tega hutoa tegua, panga hutoa pangua. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo ni kisawe chepesi cha kitenzi cha Kiingereza chenye un-. Alama ya Kiingereza iko mwanzoni na ya Kiswahili iko mwishoni, lakini wazo ni lilelile. Kamusi ambayo ingemwambia msomaji wa Lugarawa kwamba un- mbele ya kitenzi ni tendua, na mbele ya kivumishi ni -sio, ingempa katika mstari mmoja kile ambacho kurasa nyingi za visawe hazimpi.

Manufaa ya utofautishaji huo hudhihirika pale Kiingereza chenyewe kinapokuwa na utata. Mlango unaosemwa kuwa "unlocked" unaweza kuwa haukufungwa tangu mwanzo, au ulifungwa kisha ukafunguliwa. Kiingereza huacha mambo hivyo. Kiswahili hakiruhusu, mtafsiri lazima achague kati ya mlango usiofungwa na mlango uliofunguliwa, na katika kesi ya wizi tofauti hiyo inaweza kumtia mlinzi hatiani au kumtoa. Kadhalika "uncovered" ni kisichofunikwa au kilichofunuliwa. "Undressed" huenda mbali zaidi: likisemwa juu ya kidonda, kidonda hicho hakijafungwa bandeji; likisemwa juu ya mgonjwa, mgonjwa huyo amevua nguo. Kamusi inayotoa kisawe kimoja kwa kila kidahizo cha aina hii inakuwa imemchagulia mtafsiri jibu kabla hajajua kuna swali.

Inafaa kutaja hapa, japo kwa kupita, kwamba Kiswahili nacho kina maneno yanayofanana mwanzo na kukaribiana maana bila kuwepo kiambishi chochote kinachoweza kutengwa. Funga, funika, fumba na fumbata yote yana wazo la kuziba au kubana. Lakini fua, fuga na fuata yana mwanzo huohuo na hayana wazo hilo. Kwa Kiingereza, J. R. Firth alilijadili jambo la namna hii mwaka 1930, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa maneno yanayoanza na gl-, kama "gleam", "glitter" na "glow", yenye wazo la kung'aa. Mwalimu akianzia na fumba na fumbata, wanafunzi wa Lugarawa wataielewa gl- kwa dakika chache. Wataelewa pia mipaka yake, kwa kuwa "glove" ni glovu ya mkononi na haing'ai.

Pale kosa linapogharimu

Kanuni ya "kiambishi ni maana" huharibika vibaya zaidi katika in-. Anayeifuata kwa uaminifu atasoma "invaluable" kama kisicho na thamani, ilhali maana yake ni chenye thamani isiyokadirika. Atasoma "infamous" kama asiyejulikana, ilhali ni mtu anayejulikana sana, kwa ubaya. Hayo ni makosa ya mtihani. "Inflammable" si la mtihani tu. Maana yake ni kinachoshika moto kwa urahisi, sawasawa na "flammable", kwa sababu in- yake si ya kukanusha. Wasemaji wa Kiingereza wenyewe waliona hatari hiyo, na tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani wamehimiza "flammable" itumike peke yake kwenye maandishi ya tahadhari. Makambako ni njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile ya Njombe na Songea, na malori ya mafuta hupita hapo usiku na mchana. Maneno ya tahadhari kwenye matangi husomwa na makuli, mafundi na wauza matunda ambao hawakuyachagua maneno hayo.

Hospitalini, kinyume chake, herufi tangulizi zina maana kamili na thabiti, na shida ni kwamba zinakaribiana mno. "Hypertension" na "hypotension" zina herufi tatu za mwanzo zinazolingana, na zinazofuata ndizo zinazobeba uhai wa mgonjwa. Kiswahili sanifu kinasema shinikizo la juu na shinikizo la chini la damu. Mitaani husemwa presha ya kupanda na presha ya kushuka. Istilahi hizi mbili za Kiswahili, ya kitaalamu na ya mitaani, ni bora kuliko ile ya Kiingereza kwa msikilizaji yeyote asiyejua Kigiriki, kwa kuwa tofauti imewekwa mwishoni, peupe, katika neno zima. "Antenatal" na "antiretroviral" nazo hutenganishwa mwanzoni na herufi moja: ante- ni kabla ya, anti- ni dhidi ya. Aliyezoea anti- anaweza kuisoma kliniki ya kwanza kama kliniki ya kuzuia uzazi.

Neno hilo la pili lina uzito wa pekee mkoani Njombe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022–2023 uliuweka mkoa huu juu ya mikoa yote, kwa kiwango cha maambukizi cha asilimia 12.7 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Dawa zinazohusika zinaitwa kwa Kiswahili dawa za kufubaza makali ya VVU. Tafsiri hiyo imeyaacha nyuma mambo yote yaliyomo katika herufi za Kiingereza: haina dhidi, haina nyuma, haina hata jina la aina ya kirusi. Kilichobaki ni kile ambacho dawa hufanya, kwa kitenzi kinachojulikana na kila mtu aliyewahi kushika kisu kisichokata. Tena kitenzi hicho hakiahidi kwamba kirusi kitaondoka, jambo ambalo anti- huweza kulidokeza. Aliyeambiwa kwamba makali yamefubazwa anajua kisu bado kipo, na kwamba akiacha dawa kitanolewa upya. Ingekuwa tafsiri ya kiambishi kwa kiambishi, mgonjwa angepata istilahi sahihi na maelekezo mabaya.

Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba kamusi si kitabu cha sarufi, na kwamba mwanaleksikografia akianza kueleza asili ya kila mwanzo, juzuu moja itakuwa matatu. Pingamizi hilo lina nguvu dhidi ya etimolojia kamili, ambayo msomaji wa kidato cha kwanza haihitaji. Dhidi ya kile kinachodaiwa hapa halina nguvu. Kinachohitajika ni vitomeo vifupi vya viambishi hai, kila kimoja kikitaja aina ya neno kinaloambatana nalo na mbinu ya Kiswahili inayolingana nacho. Ni alama moja ndogo kwenye maneno ambayo mwanzo wake unadanganya. Na ni visawe viwili pale Kiswahili kinapotofautisha na Kiingereza hakitofautishi. Wimbi lililookoa nafasi kwa viambishi tamati limekwisha kulipa gharama hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo husema kwamba msomaji wa Lugarawa hapaswi kusomea kamusi hata kidogo, kwa kuwa lugha ya kufundishia ingekuwa Kiswahili matatizo haya yasingemfika. Kwa somo la baiolojia au jiografia hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hata siku ambayo sekondari zote zitafundisha kwa Kiswahili, maandishi kwenye tangi la mafuta pale Makambako, lebo ya dawa iliyotoka ng'ambo na rasimu ya mkataba wa mgodi wa Mundindi vitaendelea kuja kwa Kiingereza, na mtu wa kuvifasiri itabidi atoke katika shule hizohizo.